Usingizi wa Siku ya Posa

Gripe, mafua yale makali ya homa na kikohozi, iliniingia wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda Bujumbura nzima na watu wanatoka asubuhi wamevaa masweta ambayo mchana watayabeba mkononi. Nyumbani kwetu Buyenzi tuliugua wote: mimi, binti yangu, na mdogo wangu wa kike tunayekaa naye tangu mume wangu afariki. Kwenye kituo cha afya wakanitoboa kidole, wakasema si malaria. Nilisikitika kidogo, kwa sababu malaria naijua, ina dawa yake na ina mwisho wake. Muuguzi akasema ni virusi tu, vitapita vyenyewe, ninywe parasetamoli na maji mengi.

Vilipita kweli. Homa ilikwisha, kikohozi kikalegea, pua ikafunguka. Binti akarudi kazini kwake kwenye duka la dawa, mdogo wangu akarudi sokoni kuuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Mimi nikabaki. Sikuwa na ugonjwa wa kumwonyesha mtu, ila nguvu hazikurudi. Nikiamka, nikakaa kitandani, nikajifunga kanga, nimemaliza kazi ya siku. Cherehani yangu ilikaa barazani imefunikwa shuka. Mteja akija kuulizia gauni lake nilimwambia kesho, na kesho yake nikamwambia kesho, wala sikuona aibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu. Mimi ni mtu wa hasira, mtaa mzima unajua. Watoto wakipiga mpira ukagonga bati langu, zamani nilitoka nje na ufagio kabla mpira haujatua chini. Sasa bati lilikuwa linalia, nami nimelala nalisikiliza. Mchuzi wa ndagala, ambao nilikuwa nagombea sufuria yake na mdogo wangu, niliula kwa sababu ulikuwa mbele yangu. Niliswali nimekaa. Sikuwa na huzuni. Mtu mwenye huzuni ana kitu mkononi, mimi mikono yangu ilikuwa mitupu.

Mtaani kwetu ugonjwa una utaratibu wake. Ukilala na homa watu wanakuja, wanaleta ndizi na sukari, wanakuombea dua, wanakaa mpaka unatamani wangekuacha ufe kwa amani. Lakini ukishaonekana mara moja kwenye msiba au harusi, basi umepona, na habari ya ugonjwa wako imefungwa. Mimi nilikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa na kaka yake. Nilikaa mkekani muda mfupi, nimeegemea ukuta, nikarudi. Ilitosha. Tangu siku hiyo, nikilala mchana nilikuwa nadeka.

"Dada, sasa ni uvivu," mdogo wangu akanitania. "Gripe ilisha kwenda kwa wengine."

Katika hali hiyo binti yangu akaniletea habari ambayo mama yeyote anaingoja. Kijana wake atatuma wazee kuja kuposa. Kijana huyo ni fundi wa friji. Nilimjua siku alipokuja kutengeneza ya kwetu: alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala kila alichopewa, na akamwita mdogo wangu mama mdogo kabla hajajua kama atakuwa mkwe. Nilimpenda. Nayasema hapa kwa sababu wakati ule sikuyasema. Familia yao walitoka Uvira, Kongo, wakati wa vita, wakakaa Gihosha juu huko, Waislamu wenzetu. Lakini ndugu za marehemu mume wangu walishaanza kunung'unika: watu wa kuja, walifika juzi na mabegi kichwani, nani anajua ukoo wao. Binti alikuwa anangoja kuona mimi niko upande gani.

"Mama, wazee wao watakuja wiki hii," akaniambia.

"Sawa," nikasema.

"Sawa tu?"

"Sawa."

Alinitazama. Nilijua anataka nini. Anataka nisimame, nimkumbatie, nipige kigelegele kimoja cha chini ambacho majirani watajifanya hawakusikia. Nilikitafuta ndani yangu na sikukikuta. Nikamwomba anisogezee mto.

Kwetu posa inakwenda hivi. Wageni wanakuja na zawadi na kreti ya soda, wanakaa saloni, yaani sebuleni, na wajomba na mashangazi, na maneno yote yanasemwa hapo. Mama wa binti hayupo. Anakaa chumbani. Maneno yakiisha wanamwita, anatoka amevaa kitenge kipya, anasalimia, anafungua chupa ya kwanza kati ya zile zilizoletwa na wageni, anakunywa, anaipitisha. Hapo ndipo kila mtu anakunywa. Mama asipotoka, hakuna chupa inayofunguliwa. Wageni wanangoja muda wa heshima, wanaaga, na soda zinabaki zimefungwa. Hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna haja, maana mama amekataa. Shangazi yangu aliwahi kumkatalia mtu hivyo, na hadi leo watu wa pande zile mbili wanasalimiana kwa mbali.

Siku yenyewe nilivaa kitenge tangu mchana. Binti alinifunga kilemba mwenyewe. Nikaingia chumbani, nikasikia magari mawili yakisimama nje, salamu, viti vikivutwa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mjomba wa binti alianza hotuba yake, naye anapenda hotuba. Nikasema nilaze kichwa kidogo tu, kilemba kisiharibike, mpaka amalize.

Nilipofungua macho chumba kilikuwa kimeanza kuingia giza, na msikitini walikuwa wanaadhini magharibi. Saloni kulikuwa kimya. Binti yangu alikuwa amekaa chini, karibu na miguu yangu, bado amevaa nguo yake nzuri.

"Wameenda," akasema.

Baadaye nilipata maelezo. Waliniita mara ya kwanza kwa kawaida, na mara ya pili kwa sauti. Mdogo wangu akaja, akanikuta nimezama usingizini, akaona mtu aliyekuwa mgonjwa haamshwi, ataamka mwenyewe. Akarudi saloni akasema, "Anakuja." Yeye aliona amenihurumia. Wageni waliambiwa nakuja, wakakaa, wakangoja, na sikuja. Ndugu za marehemu, wale wanung'unikaji, walinyamaza wakitazama dari. Mjomba alimaliza maneno yote aliyokuwa nayo, hata ya bei ya mafuta ya magari. Mwisho mama wa kijana akasimama, akasema asante sana, tumeelewa.

Nilisikia yote hayo na nikajua kwamba ni msiba mkubwa. Nilijua kwa kichwa. Moyo ulikuwa umelala bado.

Siku zilizofuata simu ya kijana ilikuwa inalia usiku chumbani kwa binti, naye anajibu kwa kunong'ona. Akaacha kula na sisi. Jioni moja akaja akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mama, kama haumutaki, useme tu. Mi nitaacha. Siwezi kuolewa na mama hataki."

"Apana," nikasema. "Si vile. Nililala."

"Ulilala."

"Nililala tu, mwanangu."

Hakuniamini, na mimi katika nafasi yake nisingeamini. Mama aliyembeba na kumlea, siku ya posa yake, analala? Mtu halali siku hiyo hata akiwa na homa ya kufa. Nilitaka kumwambia kwa nguvu, nimshike mabega, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeuliza kama maji yamerudi bombani. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kulala. Nikaelewa kwamba atamwacha yule kijana kwa heshima yangu, na kwamba hatanisamehe, na kwamba tutaishi nyumba moja hivyo.

Mjomba akasema tungoje, tutatuma mtu wa kati baada ya wiki kadhaa, mambo yapoe. Akanionya nisithubutu kwenda mwenyewe. Kwetu mama wa binti hakanyagi kwa wakwe kabla ya ndoa, maana watu watasema anamsukuma binti yake sokoni. Nikamwambia nimesikia. Asubuhi yake nikavaa nikatoka.

Teksi hakuna, essence, yaani petroli, ilikuwa imekosekana tena na magari yamepanga mstari kwenye kituo bila madereva ndani. Nikapata basi la kunifikisha chini ya mlima, sehemu iliyobaki nikaipanda kwa miguu. Nasema nikaipanda, lakini nilikuwa nakaa kila penye kivuli. Mwanamke mmoja muuza maparachichi alinipa kigoda chake bila kuniuliza kitu, akanitazama tu, akaendelea kupanga maparachichi yake. Nilipofika kwa akina kijana nilishasahau nusu ya maneno niliyopanga.

Mama wa kijana ni mwanamke mrefu, mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo. Aliitikia salamu yangu kikamilifu, mpaka rehema na baraka, kama inavyotakiwa, halafu hakunifungulia saloni. Akaniletea kiti cha plastiki barazani. Maji hakuleta.

"Umekuja kusema kwa mudomo sasa?" akauliza. "Maana kwa vitendo tulisikia."

"Mama, nilikuwa nimelala."

"Ulilala."

Neno lile lile la binti yangu, na uso ule ule.

"Gripe iliniacha bila nguvu. Nimepona lakini sijapona. Nalala ovyo. Mi nataka ndoa hii."

Alikuwa ananitazama usoni, na najua aliona nini: mtu anayesema anataka, na uso hautaki chochote. Basi akaanza. Yale aliyoyabeba tangu siku ile aliyashusha yote. Akasema watu wa Buyenzi tunajiona wenye mji. Akasema yeye alivuka mpaka na watoto mgongoni, amewalea bila kuomba mtu, na hajawahi kukaa kwa mtu kwenye kiti mpaka makalio yanakufa ganzi akingoja kudharauliwa. Akasema dada zake walishona nguo kwa siku ile. Alikuwa na haki kwa kila neno. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali, na jua la barazani lilikuwa la joto zuri, na sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka. Hapo ndipo ninapokumbuka mwisho.

Niliamka nimelala mkekani, ndani, kwenye saloni ile ile niliyonyimwa. Viatu vyangu vimevuliwa, kilemba kimefunguliwa, kitenge cha mtu kimenifunika. Mama wa kijana alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Nilitaka kuinuka kwa aibu. Kulala kwa wakwe, miguu wazi, kinywa wazi, kabla hata posa haijapokelewa! Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwetu. Lakini hata kuinuka sikuweza.

"Bakia hapo," akasema. "Nilikuwa nakugombeza, naona unafunga macho. Nikasema, huyu mwanamuke ananizarau mara ya pili. Nikakuja kukushika bega, nikuonyeshe mulango. Kumbe umelala kama mutoto. Siyo kujifanya. Mutu wa kujifanya hatoe mate."

Nikajifuta mdomo.

"Mi mwenyewe ilinipata, ile gripe," akaendelea, mkono bado kwenye mchele. "Nilisujudu alfajiri, banakuja kuniinua jua imetoka. Batoto banalia, banasema mama amekufa kwa sala, amekufa vizuri. Siku mingi nilikuwa nabaona bote kama batu ba televizyo. Donc, ndiyo maana najua. Ungesema vile."

"Nilisema."

"Ulisema kwa sauti ya mutu mwongo."

Hakucheka, lakini aliinuka akaniletea chai ya tangawizi, akanishikia kikombe nikanywa. Akasema watarudi, yeye na dada zake, na safari hii mtu awekwe chumbani kwangu wa kunifinya. Akasema pia amempigia simu binti yangu aje kunichukua, na hakumwambia kitu zaidi ya kwamba mama yake yuko kwao, amelala.

Binti alifika anahema, amepanda mlima mbio na koti lake la kazini mwilini. Alisimama mlangoni. Alinikuta niko sakafuni kwa mkwe wake, kichwa wazi, nanyweshwa chai kama mgonjwa, na alielewa kabla mtu hajamwambia neno. Akapiga magoti, akaweka uso wake kwenye mapaja yangu, akalia kwa sauti, mtoto mzima mwenye kazi yake. Mama wa kijana akatazama mchele wake.

Niliweka mkono kichwani kwake na nikangoja nilie naye. Machozi hayakuja. Furaha nayo niliingoja, nikijua kwamba hii ndiyo saa yake, na haikuja pia.

"Namutaka yule kijana," nikamwambia. "Nilimutaka toka siku ile ya friji."

Akainua kichwa, akautazama uso wangu kwa muda, akitafuta ile furaha. Hakuiona. Akaniamini bila hiyo.