Mkwe Aliyebaki Langoni

Mume wangu alizaliwa Trinidad, na ubishi alizaliwa nao. Waitaliano walikuwa na piza yao, naye akapika yake: samaki wa chumvi, ndizi mbivu na pilipili mbuzi ya kukutoa machozi. Alianzia chumba kimoja cha duka huko ng'ambo, mtaa wa viwanda wa Saltley. Mimi nilitoka zamu hospitalini, nikavua kofia ya unesi na kufunga aproni. Wafanyakazi wa viwandani walikuja kutucheka, wakarudi kula.

Nilimpenda. Lakini tulioana kwa msajili, na kwetu Bungoma hiyo haikuwa ndoa, ilikuwa karatasi. Mkwe hufika na wazee wake, mama mzazi wa binti humpokea langoni na kumchinjia kuku, ndipo aitwe mtoto wa nyumba. Asipopokewa, hata mzae darasa zima, yeye ni mpita njia. Mama alituma salamu kwamba kuku yupo, ananenepa.

"Tufungue duka ya Nechells tu, baby," mume wangu aliniambia kwa Kiswahili nilichomfundisha. "Kisha home, mimi na wewe, kwa Mama."

Nechells ikafunguliwa. Nikanunua sanduku. Kumbe wapishi wa kule hawakujua kukanda unga, ikabidi abaki awafundishe. Kisha akapata nafasi Digbeth, karibu na kituo cha mabasi. Baadaye ikawa Coventry, eti wanamsubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli. Nilianza kuichukia harufu ya jibini. Kanisani Wakenya wenzangu walinipongeza kwa kuolewa na tajiri, nami nikatabasamu kama mjinga.

Mama hakulaumu. Aliuliza tu kama mkwe anakula kuku wa kienyeji.

Telegramu ya kaka yangu ilitufikia Coventry siku ya ufunguzi, wageni wakiwa wameshaketi. Mama alikuwa amefariki. Mume wangu aliwaomba radhi, akafunga maduka yote, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tulisafiri pamoja, hatimaye.

Langoni baba mdogo alitusimamisha.

"Binti yangu, pita. Huyu ni nani?"

"Mume wangu, Baba."

"Nani alimpokea?"

Mume wangu akajaribu kujibu mwenyewe: "Mimi nimekuja kwa Mama."

"Umechelewa, mgeni wetu," baba mdogo alisema, bila ukali. "Wa kukupokea ni yeye, na ndiye tunayemzika."

Mume wangu akabaki nje ya ua na suti yake nyeusi, akisikiliza nyimbo asizozijua. Mimi nilikwenda kaburini, nikachota udongo, nikautupa. Nikachota mwingine, wa mume wangu. Baba mdogo akanishika mkono taratibu, akaniambia huo niuweke chini.