Lambert Avuta Kamba na Ukweni

Lambert alikuwa bingwa wa kushindwa. Sisemi kwa kumdharau. Ni kazi kama kazi nyingine, na yeye aliifanya kwa ufundi. Miaka tisa alilinda lango la maghorofa fulani kule Observatory, na kwa miaka hiyo tisa mwenyekiti wa wapangaji, mzee mstaafu asiye na pa kwenda, alishuka kila Jumatano na ubao wa drafti kwapani. Lambert, ambaye kwao Kalemie alikuwa akimfunga hata padri, alimwachia mzee ashinde. Tena si kushindwa kijinga. Alijikuna kichwa, akahema, akasogeza kete kama mtu anayehamisha kaburi, halafu akafungwa kwa kete moja tu, ili mzee apande ngazi akijiona ana akili. Walinzi wengine walifukuzwa, wakaja wapya, nao wakafukuzwa. Lambert alibaki.

"Mtu ukimpa ushindi, anakupa amani," alikuwa akituambia.

Mtu huyu ndiye ambaye chama chetu cha watu wa Kalemie kilimchagua, mwaka 2012, awe mkubwa wa michezo. Kila mwaka tulikwenda uwanja wa Ellis Park mara moja, wote pamoja, na kabla ya mechi tulikusanyika kwenye yadi ya nyumba moja Bertrams, karibu na uwanja kiasi cha kusikia watu wakijaribu vuvuzela zao. Magari yaliingia kinyumenyume, mabuti yakafunguliwa, na kutoka kwenye mabuti yakashuka masufuria ya sombe, yaani kisamvu, samaki, majiko ya mkaa na mashangazi. Watu walikula na kucheza kwanza, ndipo wakaenda kutazama wengine wakicheza. Wenyeji wa mji huu hufanya hivyohivyo. Sisi tuliongeza kelele tu.

Mwaka ule mambo yalikuwa mazito kwa Lambert. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kwenda kumposa Yolande, msusi wa palepale Bertrams, na mama yake Yolande, Mama Marcelline, alikuwa ametangaza kwamba na yeye atakuja kwenye mechi. Hakusema kwa nini. Mkwe mtarajiwa ni kama nyanya sokoni, hununui kabla ya kuibonyeza.

Kwa wasiojua desturi yetu: mwanaume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni wala hawasemeshani ovyo. Wakikutana kwenye kijia, mmoja anaingia majanini. Bertrams haina majani, kwa hiyo Lambert alikuwa ameshaingia saluni ya wanawake, duka la Msomali, na siku moja gari lisilo lake lililosimama kwenye robot likingoja taa ya kijani, ilimradi tu asikutane naye uso kwa uso.

Kikao cha kuchagua michezo kilifanyika ndani ya kibanda chake cha ulinzi. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Bakiri, Mtanzania wa Tanga anayeuza makava ya simu Mayfair. Lambert alikuwa amemfanya Bakiri mshenga wake kwa sababu ana mdomo.

"Mbio za magunia," nilisema.

Lambert alifumba macho. "Mama mkwe aruke-ruke mbele yangu? Na mwili wote ule?"

"Basi yeye asiruke," alisema Bakiri.

"Nani atamkataza? Wewe?"

Bakiri alijifanya anatazama simu.

Mbio za yai na kijiko alizikataa kwa sababu Mama Marcelline angetaka kujua ni nani aliyefundishwa kuchezea chakula. Mchezo wa kufungwa kitambaa machoni na kukamata watu ulimfanya anitazame kana kwamba nimemtukania ukoo. Palikuwa na mchezo mmoja aliouona kwa wapangaji wake, wa kurusha vifuko vya mchanga kwenye tundu la ubao. Huo aliufikiria sana.

"Mzuri. Hakuna kugusana. Lakini akikosa tundu, mimi nitamsaidiaje?"

"Kwani lazima ashinde?" aliuliza Bakiri. "Wewe bwana unachagua michezo au unachagua sanda?"

"Lazima ashinde. Umshinde mkwe leo, halafu Jumamosi uende kumwomba mtoto wake? Kwa mdomo upi?"

Halafu Lambert akasimama, na kibanda kile kidogo kikajaa yeye. Kuvuta kamba. Upande wao huku, upande wetu kule, mita kadhaa za kamba katikati. Yeye atakaa mwisho kabisa, mama naye atawekwa mwisho wa upande wake, kwa hiyo hawataonana. Tutavuta kidogo, watu waone jasho. Yeye akikohoa, tunaachia. Ukweni wanashinda, tunapiga makofi, kwisha habari.

"Kamba ni mchezo wa heshima," alisema.

Tulikuwa watu watatu, mmoja wetu akiwa ameonja hata chuo kikuu kabla chuo hakijamtema, na hakuna aliyeuliza: mtu anayevuta kamba kwa nguvu zake zote, ukimwachia, anakwenda wapi?

Siku ilifika. Mama Marcelline aliwasili na wanawake sita wa sokoni na kitenge kipya. Alikula vizuri. Alimtazama Lambert kutoka mbali, kwa upande wa jicho, na Lambert alitazama magurudumu. Mpaka hapo mambo yalikuwa sharp.

Kamba ilipotandazwa, Mama Marcelline alikataa kukaa mwisho.

"Miye sivuti nikitazama mgongo wa mutu," alisema, akaenda mbele kabisa, akakunja mikono ya blauzi.

Nilikuwa wa tatu upande wetu, kwa hiyo nilichokiona nilikiona karibu. Wanawake wale hawakuvuta kidogo, watu waone jasho. Walivuta kama wanaong'oa kitu cha serikali. Miguu yangu ilianza kuchora mistari kwenye vumbi. Tulikuwa tumebakiza hatua mbili tushindwe kihalali, bila msaada wa mtu, lakini Lambert kule nyuma hakuwa anaona mstari wa katikati. Alikuwa anasikiliza dhamiri yake. Akakohoa.

Tukaachia.

Ukweni wote walikwenda chini kinyumenyume kama magunia yaliyoachwa na mbeba mizigo, na aliyekuwa mbele, akitutazama sisi, miguu ilikwenda juu na kitenge kipya kikafuata miguu. Niliyoyaona siyaandiki. Mimi niligeuza uso juu, kwenye taa za uwanja, nikazihesabu. Lakini Lambert ni mrefu kuliko sisi sote, na alikuwa ameinua kichwa kuona kama mpango wake umefaulu.

Hakuna aliyecheka. Vuvuzela zilisikika kutoka uwanjani, na nyama iliyosahauliwa jikoni ikaanza kuungua. Yolande alikimbia na shuka kumfunika mama yake. Alipogeuka kumtafuta Lambert, mahali pake palikuwa patupu.

Tulimkuta amechuchumaa nyuma ya bakki, ile pikapu ya mwenyekiti wa chama, jasho likimtiririka, akisoma namba ya gari kwa sauti ya chini, ileile moja, tena na tena, kama anavyofanya langoni.

"Nimeona," alisema. "Wenzangu, nimeona."

Kwetu, anayeona vile anaweza kukosa mke. Alilijua hilo, na Bakiri alilijua kwa kutazama tu nyuso zetu.

Ng'ambo ya bakki, Mama Marcelline alikuwa ameketishwa juu ya kreti la soda, kiwiko kimechubuka. Alisema kwa sauti ambayo yadi nzima ilisikia: "Bakiri. Muulize ule bwana: kamba iliwatoka, ao waliiachia?"

Bakiri alitembea hatua nane kuzunguka bakki, akainama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema iliteleza. Mikono ilikuwa na mafuta ya nyama. Nitaipamba mimi, nikifika kwake itakuwa ajali ya kitaifa."

Lambert alitazama viganja vyake. Uongo ulikuwa tayari, na alikuwa amedanganya kwa kete miaka tisa bila kukosa usingizi. Nadhani kilichomfunga ni kwamba Yolande alikuwa amesimama palepale, kwenye kona ya bakki, mikono nyuma, akingoja.

"Mwambie tuliachia," alisema. "Ni mimi niliyetoa amri. Mwambie ilikuwa kwa heshima."

Bakiri alizipiga hatua zake nane na kusema maneno yaleyale, ingawa kila mtu alikuwa ameshayasikia. Mama Marcelline alifuta kiwiko.

"Mwambie tulikuwa tunashinda."

Bakiri akaenda. "Anasema walikuwa wanashinda."

Niliona maneno yale yakimwingia Lambert. Mpaka pale aibu yake ilikuwa ya macho. Kumbe hakuwa amempa mama kitu. Alikuwa amemnyang'anya.

"Miye nimebeba magunia ya samaki bandarini Kalemie nikiwa na mimba ya huyu mtoto," mama aliendelea, sasa akimsahau hata Bakiri, akiiambia bakki. "Leo nipewe ushindi kama peremende? Na mtoto wangu akifika kwake, akivuta, ataachiwa hivihivi? Aanguke nyumbani mwake, mume akohoe?"

Hapo Yolande aliinamisha kichwa. Baadaye aliniambia kwamba tangu ajuane na Lambert, walikuwa hawajawahi kugombana hata mara moja. Kila alichosema yeye, Lambert alijibu "sawa, kama unavyopenda", na alikuwa akijisifu kwa wateja wake saluni kwa ajili hiyo.

Yolande alikwenda katikati ya yadi, akaokota ncha moja ya kamba, na ncha nyingine akamtupia Lambert juu ya bakki. Ilimwangukia begani.

"Usiniachie," alisema.

Lambert alitoka mafichoni kinyumenyume, maana Mama Marcelline alikuwa upande ule na macho yake hayakuwa na ruhusa. Akajizungushia kamba begani, akampa kila mtu mgongo, na akavuta hivyo, ameinama, kama ng'ombe wa jembe, akitazama ukuta. Yolande alikita visigino vyake. Wanawake walipiga kelele za kumtia moyo, halafu wakaacha, kwa sababu haikuwa tena mchezo wa kushangilia. Kamba ilikuwa inamkata Lambert shingo. Alilia, nadhani. Kwa nyuma huwezi kujua. Alisogea hatua moja, akarudishwa nusu, akasogea tena, mpaka Yolande akavuka mstari na kuanguka kwa magoti.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanaume mzima, amemshinda binti wa watu mbele ya mama yake. Lambert hakugeuka. Alibaki na kamba begani, akionekana kama mtu aliyekamatwa anaiba kamba.

Mama Marcelline alimwita Bakiri. "Mwambie Jumamosi aje. Lakini alete kuku wawili wa faini. Mmoja wa kuona, mmoja wa kuachia."

Bakiri akaenda, akayasema.

"Muulize," alisema Lambert, akiuambia ukuta. "Majogoo ao mitetea?"

"Mitetea," Mama Marcelline alimjibu mwenyewe, moja kwa moja, kabla Bakiri hajageuka. Halafu akakumbuka mwiko, akajifunika mdomo kwa kitenge, akawaomba wanawake wamsaidie kuinuka waende uwanjani.