Nilivyokaribia kuzamisha utafiti wa dada wa watu kwa mluzi wangu, Kibirizi Kigoma

Mwakeye wakuu. Hiyo ni salamu ya kwetu Kigoma, itikieni mnavyojua.

Nina kisa nimekaa nacho kifuani mpaka naona nitapasuka. Dagaa wetu hawatiwi chumvi, na mimi humu sitatia hata punje.

Naishi Ujiji. Kazi yangu iko Kibirizi mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kwa shangazi yangu Zaituni, ana vichanja vya kuanikia dagaa. Shule niliishia form two, mimi na hesabu tuliachana kwa amani. Ndoto yangu ni muziki. Nina kinanda kidogo cha betri na nyimbo kumi na moja ambazo dunia bado haijazijua.

Pale kwa shangazi naanika, nageuza, na nafukuza ndege wasile dagaa.

Wenzangu wanafukuza kwa mawe. Mimi wakuu siwezi. Nilishampiga kunguru mmoja, akaanguka, akainuka, akaniangalia. Siku hiyo chakula hakikupita.

Kwa hiyo natumia mluzi. Na sipigi mluzi ovyo, napiga chorus yangu. Noti saba, zinapanda, zinashuka, ya mwisho naivuta. Niliitunga kwa ajili ya binti mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini. Binti mwenyewe hajawahi kuisikia. Ndege wa Kibirizi wameisikia kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka.

Mwanzoni walikuwa wanaruka. Baadaye wakawa wanasogea pembeni kidogo tu, kama watu wanaompisha mtu mwenye ndoo.

"We Ramso," shangazi akaniuliza, "unawafukuza au unawaburudisha?"

"Nawafukuza taratibu, shangazi."

"Na dagaa wanaisha taratibu hivyo hivyo."

Sasa ndipo akaja Dada Witness.

Alitokea asubuhi moja na maiki ndefu imevalishwa manyoya, ukiiona kwa mbali unasema kabeba paka. Wabebaji wa mizigo wakamzunguka wakidhani ni mtangazaji. Mmoja akaishika ile maiki akaanza kueleza kero ya barabara.

"Samahani kaka zangu," akasema, "mimi narekodi ndege."

"Ndege wana kero gani za kutuzidi sisi?"

Kumbe ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anafanya utafiti wa ndege anaitwa kurumbiza. Ni yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, anaimba alfajiri vichakani kama amelipwa. Dada Witness alitaka kujua kama kurumbiza wa Kibirizi na wale wa Ilagala, kule mto Malagarasi unapoingia ziwani, wanaimba tofauti. Yaani kama sisi tu, Muha wa Kasulu akifungua mdomo, wa Kibondo anajua huyu si wa kwetu.

Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake ya mwezi mmoja tu. Mwezi ukiisha hajapata sauti za kutosha za pande zote mbili, anarudi mikono mitupu na digrii inabaki kuwa hadithi. Shikeni hapo.

Siku ya pili alinisikia nikimjibu kurumbiza kwa mluzi, noti kwa noti. Akaniomba kwa shangazi niwe msaidizi wake kila alfajiri asipokuwa Ilagala, kabla ya dagaa kuanikwa. Jua likichomoza yeye anarudi gesti kusikiliza alivyorekodi, mimi nabaki na mluzi wangu.

Wakuu, yule dada ana software inageuza sauti kuwa picha. Ndege akiimba, kwenye laptop inatokea mistari inapanda na kushuka.

Nikamwambia, "Dada, hizi si nota hizi?"

Akacheka. Halafu akaitazama upya. "Kumbe ndiyo."

Toka hapo yeye akisema frequency, mimi nasema sauti ya kwanza, sauti ya pili. Akisema interval, yaani umbali wa noti na noti, namwimbia. Tukawa tunakutana katikati. Sijawahi kujiona na akili kama wiki zile.

Wiki ya tatu akaniita mbio. "Ramso! Ramso njoo usikie!"

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya kurumbiza wa vichaka vya nyuma ya vichanja vyetu. Noti saba. Zinapanda, zinashuka, ya mwisho inavutwa.

Wakuu, nikamwomba aicheze tena. Ilikuwa chorus yangu.

Sitawaficha, cha kwanza nilifurahi. Nikasema hatimaye wimbo wangu umepata msanii.

Ila nikamtazama Dada Witness, anaruka ruka kwenye mchanga na ndala zake. "Ilagala hakuna hata mmoja anayeimba hivi! Na unaona huu ukungu mwishoni, kwenye noti ya mwisho? Huu mkwaruzo sijawahi kuuona kwa kurumbiza yeyote! Hii ni lahaja, Ramso, lahaja ya Kibirizi!"

Papo hapo akampigia Profesa wake. Profesa akasema anakuja Alhamisi kusikia mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nikarudi kwenye dagaa na siri yangu.

Nilijipa akili ya kijinga. Nikasema nikiacha kupiga mluzi, ndege atasahau. Jumatatu nikakaa kimya. Kurumbiza akaja mpaka kwenye nguzo ya kichanja, akaimba chorus yangu kwa nguvu, akaniangalia, akarudia. Ananidai niitikie.

Jumanne nikajaribu kumfundisha wimbo mwingine ili achanganye. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama aliyenakili mtihani, akaruka zake.

Wakati nahangaika naye, kunguru wakamaliza pembe nzima ya kichanja. Shangazi akashika kiuno. "Kumbe ule mluzi wako ulikuwa unasaidia. Urudishe haraka!"

Jumatano nikashindwa. Nikamfuata Dada Witness gesti aliyofikia Ujiji. Nikamkuta barazani na chai na maandazi, anaandika huku anatabasamu peke yake. Lile tabasamu liliniumiza kuliko hata angenitukana.

"Dada, ile sauti ya kurumbiza ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Nimeitunga mimi. Nafukuzia nayo ndege."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wasanii mna shida nyie. Kila kitu mmeibiwa!"

"Nirekodi."

Akanirekodi, nadhani ili nimwache anywe chai. Akaziweka picha mbili juu na chini, ya ndege na ya kwangu.

Noti saba, noti saba. Kupanda kule kule, kushuka kule kule. Na mwishoni, ukungu ule ule.

Akaitazama laptop. Akanitazama mimi.

"Hebu nioneshe meno."

"Dada?"

"Meno, Ramso."

Nikaonesha. Wakuu, mimi nina pengo la mbele, tangu darasa la tano nilipodaka mpira kwa mdomo. Nikivuta ile noti ya mwisho pumzi inapita hapo, inafanya fsss. Yule ndege hana jino hata moja, lakini pengo alikuwa nalo.

"Kurasa mbili," akasema polepole. "Nimeandika kurasa mbili kuhusu pengo lako."

Hapo nilikosea, nikacheka. Yeye akaanza kulia.

Zilikuwa zimebaki siku tisa ruhusa yake iishe. Kurumbiza wote aliowarekodi Kibirizi walikuwa wa karibu na vichanja, na hakujua tena nani anaimba chake na nani anaimba changu. Nikakaa pale chini nikalia naye kidogo, maana sikujua cha kufanya kingine. Mwenye gesti akatuletea maandazi mengine akidhani tumefiwa.

Alhamisi Profesa akafika. Mama mfupi, miwani, raba miguuni. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtuhumiwa. Dada Witness hakuzunguka, alimweleza yote mwenyewe, mpaka pengo.

Profesa akaniambia, "Hebu piga."

Nikapiga. Kichakani kurumbiza akajibu, na fsss yake mwishoni.

Profesa akageukia ziwani. Mabega yakawa yanatikisika. Alipotugeukia uso ulikuwa wa kazi.

"Witness, hawa wa hapa watoe wote. Wamekuwa wanafunzi wa huyu kijana. Siku zilizobaki tafuta ambao hawajawahi kumsikia."

Hapo ndipo nikapata pa kulipia kosa. Nyuma ya vilima kuna bonde lina vichaka na kijito, mwendo wa saa mbili kwa miguu, nilikuwa nakwenda utotoni kukata kuni. Nikamwambia Dada Witness nitampeleka kila alfajiri.

Akakubali kwa sharti moja. Akatoa barakoa, akanivalisha mwenyewe, akaivuta mpaka juu ya pua.

Asubuhi nane wakuu, nabeba paka wa manyoya, mdomo umefungwa, kichwa kimejaa nyimbo. Siku ya nne kurumbiza mmoja aliimba kitu kizuri mpaka nikaingiza mkono chini ya barakoa nikaung'ata nisije nikaitikia. Alama zilikaa wiki.

Siku ya nane sauti zikatosha.

Na matokeo? Hakuna cha kukufanya uruke ruke mchangani. Wa bondeni noti yao ya mwisho inashuka chini zaidi kidogo kuliko ya wale wa Ilagala. Basi.

Nilimwona anaitazama ile picha muda mrefu. Nikamuuliza kama ameumia.

"Ni kadogo," akasema, "lakini nikiulizwa naweza kusimama nako."

Mwezi uliopita kanitumia picha ya ukurasa wa shukrani. Kuna Profesa, kuna mama yake mzazi, halafu kuna jina langu, Ramadhani na la baba, "msaidizi wa utafiti, kwa kusema ukweli kabla sijachelewa."

Shangazi alichukua simu akawaita wabebaji wote, akawasomea kwa sauti kama tangazo la msiba. Akarudia mara mbili. Wakanipigia makofi.

Halafu akanirudishia simu. "Hongera msaidizi wa utafiti. Hao dagaa wa upande wa kule hawajageuzwa."

Nilichojifunza: ukweli unaomharibia mtu raha, mpe mapema. Zile siku tatu nilizonyamaza ningekuwa nimeshampeleka bondeni, na yeye angelia kidogo tu, tena kabla hajaandika zile kurasa mbili.

Nanyi wakuu, nani alishawahi kumvurugia mtu kazi kwa kitu anachokifanya kila siku bila kujua? Tupieni hapa nicheke na mimi. Na kama humu kuna mwenye studio, zile nyimbo kumi zilizobaki hazijavuja kwa ndege yeyote.