Kuku Niliyemkataa Mwandoya

Nilitoka Mkula kwenda Bariadi kusomeshwa tena kile nilichosomeshwa mwaka jana na mwaka juzi. Mimi ni ofisa udahili wa chuo binafsi cha uuguzi pale Mkula. Kazi yangu ni kushughulikia maombi ya wanaotaka kujiunga, na kila mwaka watu wa kazi hii tunaitwa kukumbushwa kanuni. Kusema kweli nilikwenda kwa uvivu. Kanuni ninazo kichwani. Zinazonishinda ni za pale chuoni, maana madarasa yetu hayajai na mkuu wa chuo ana neno lake moja: "Mpokee kwanza, sifa zitafuata."

Kutoka Lamadi hadi Bariadi lami ni nzuri, sikuwa na cha kulalamikia isipokuwa nchi yenyewe. Pamba ilishachumwa, miti yake imeng'olewa na kuchomwa, mashamba yamebaki na majivu. Nyuzi zilizopeperuka kutoka kwenye malori zilikuwa zimenasa kwenye miiba ya kando ya barabara, zimekuwa kahawia kwa vumbi. Bariadi ni kwetu. Marehemu baba aliuza vitenge sokoni pale, na dada yangu bado yuko kwenye nyumba ileile, kwa hiyo malazi hayakunisumbua.

Asubuhi tukaingia ukumbini. Mwezeshaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, alirudia mambo mawili mpaka wengine wakaanza kusinzia: usipokee kitu kwa mwombaji wala kwa familia yake, na usimwahidi mtu nafasi. Mwenzetu kutoka Lagangabilili akanyoosha mkono.

"Madam, huku kwetu ukifika kwa mtu unaletewa kuku. Na huyo naye ni rushwa?"

"Hata yai," alisema mama.

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilicheka kuliko wengi.

Wakati wa chai mkuu alinipigia simu. Baraza linalohakiki sifa za wanafunzi lilikuwa limemkataa binti mmoja wa chuo chetu, Kwangu Maduhu. Hakufaulu Kemia kidato cha nne, hakupaswa kupokelewa, na alishasoma mwaka mzima. Sasa alikuwa likizo kwao, kijiji kimoja karibu na Mwandoya.

"Si uko Bariadi? Pitia huko ukamwambie."

"Mkuu, Mwandoya siyo njiani."

"Wewe ndiye uliyetoka kufundishwa," akasema, akakata simu. Nilimchukia pale pale, na chai ikanishinda.

Mafunzo yalipokwisha nililala kwa dada, alfajiri nikapanda gari la Mwandoya, na kutoka pale senta nikachukua bodaboda. Vumbi lilituandama njia nzima. Kichwani nilikuwa napanga maneno. Nitamwomba Kwangu tuzungumze faraghani kwanza, maana mwenye jambo ndiye anayepaswa kuambiwa kabla ya wengine. Nitamweleza kwamba anaweza kurudia mtihani wa Kemia. Nilijiona nimejiandaa vizuri.

Nilipofika, baba yake, mzee Maduhu, alikuwa akirekebisha miiba ya zizi.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha dukani.

"Mwangaluka! Karibu, karibu. Kwangu! Njoo, mwalimu wako amekuja!"

Kwangu alitoka jikoni mbio, amevaa sweta la chuo kwenye jua lile. Akapiga magoti kunisalimu, anacheka. "Mwalimu, mpaka huku umenifuata?" Majirani wawili nao walishakuja kumwona mwalimu, maana kwao kila mtu wa chuo ni mwalimu, wakapewa vigoda.

Kabla sijaomba hiyo faragha, mzee, aliyekwisha kunong'onezwa na Kwangu kwamba mimi ni Mwislamu, aliondoka akarudi na kuku tembe mwekundu kwapani na kisu mkononi.

"Ninyi Waislamu najua mnachinja wenyewe. Shika, mwalimu. Hutoki hapa na njaa."

Kwao mgeni huonyeshwa kuku akiwa hai. Ukimshika, umekubali kuwa mgeni wao, na habari zitaulizwa baada ya kula; anayemkataa ni yule aliyeleta msiba. Mimi nililelewa mkoa huu, nayajua yote hayo. Lakini nilisikia "hata yai" masikioni, na pia niliona aibu kushiba kwanza ndipo nimwambie mtu kwamba binti yake amefukuzwa.

"Nisamehe, baba. Sitaweza kumpokea."

Mzee akabaki ameshika kuku. "Huli kuku?"

"Nakula, ila..."

"Nani amekufa?"

Basi habari ikatokea pale pale uani, mbele ya mama yake na majirani. Faragha yangu iliishia hapo. Kwangu alisikiliza macho chini, akaanza kulivua lile sweta polepole, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Akirudia hiyo Kemia akafaulu, mtamrudisha?" aliuliza mzee. "Ng'ombe wa ada nimeshauza. Nikiuza tena, nataka nijue nauzia nini."

Nilitamani kusema ndiyo. Kwa neno hilo moja tu mzee angeuza ng'ombe mwingine, na binti angerudi darasani kusoma Kemia.

"Ataomba upya, kama wengine. Siwezi kuahidi."

"Hupokei, na hutoi," alisema mzee. "Sasa, mwalimu, ulikuja kufanya nini?"

Akamwachia kuku, naye akakimbilia nyuma ya ghala.

Wakati wa kuondoka, Kwangu alinisindikiza hadi barabarani amebeba mkoba wangu, kama mgeni anavyosindikizwa. Hakulia, na mimi ningependa alie.

"Mwalimu, mwaka jana mliponipokea, hiyo kanuni ilikuwa haijatungwa?"

"Ilikuwepo."

"Mlikuwa hamuijui?"

"Tuliijua. Tunafundishwa kila mwaka."

Alinipa mkoba kwa mikono miwili. "Wabeja, mwalimu," akasema. Alinishukuru, jamani.

Nilirudi Mkula nikiwa najua jambo moja ambalo ukumbini halikutajwa: kanuni tulizivunja siku ya kumpokea, tukazishika siku ya kumtoa. Mkuu hakuniuliza habari za Mwandoya. Aliniwekea mezani maombi mapya, na la juu kabisa lilikuwa la kijana asiye na Kemia.

"Mpokee kwanza," alisema.

Nilisema hapana, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Ilikuwa hapana nzuri, ila ilichelewa mwaka mzima.