Nafula Hajui Kwamba Mama Yake Amezikwa

Kitale, Jumapili jioni, Oktoba 2004

Kwa mhariri na wasomaji wa ukurasa huu,

Leo nimeamua kusema yote, hata yale ambayo mama yangu amenikataza. Tafadhali msitaje jina langu wala la shule yetu. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha mwenyewe, na magazeti hayaruhusiwi bwenini, kwa hiyo sidhani huyu ninayeandika habari zake atasoma.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, niko kidato cha nne katika shule ya wasichana hapa Kitale. Wenzangu wengi hulala shuleni, lakini mimi hurudi nyumbani jioni kwa sababu tunaishi karibu. Mtihani wetu wa mwisho unaanza Jumatatu, siku nane kutoka leo.

Mwalimu wa darasa alinipa kazi ya kuandika maneno machache kuhusu kila msichana na ndoto yake, yasomwe mbele ya wazazi siku ya maombi ya watahiniwa. Niliipenda sana kazi hiyo. Niliandika kuhusu Zuhura, ambaye baba yake anauza vitambaa karibu na msikiti mjini Bungoma. Anataka kuwa wakili, na tayari amemshinda mpishi wetu katika kesi ya maharagwe yaliyoungua. Nikaandika kuhusu Chebet wa Saboti, mwenye miguu inayopita mwisho wa kitanda, anayetaka kuwa rubani ingawa akipanda ngazi hufumba macho. Nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. "Andika tu, bana, ni ukweli."

Nafula nilimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye rafiki yangu. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Bumula. Alifiwa na baba akiwa darasa la tatu, na tangu hapo majirani wamekuwa wakisogeza mpaka wa shamba lao kidogo kidogo kila msimu wa kulima. Ndiyo maana anataka kuwa mpimaji wa ardhi. Hupima kila kitu kwa hatua, uwanja, bweni, hata umbali kutoka meza yetu hadi sufuria ya nyama. Aliniambia, "Andika hivi: shamba la kwanza nitapima ni la mama. Yeye atakaa kwa kiti, kwa kivuli, na soda. Hao majirani wasimame kwa jua." Nikaandika.

Alhamisi nilipofika nyumbani nilimkuta mama jikoni, bado amevaa nguo za safari. Yeye pia ni mtu wa Bumula. Alikuwa ameondoka Jumatatu bila kuniambia sababu.

"Tumemzika mama Nafula," akasema. "Ni presha. Alianguka shambani." Nilianza kulia, naye akanishika mkono. "Nisikize. Familia na mwalimu mkuu wamekubaliana. Huyo mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani. Baba hana, sasa mama hana. Hicho cheti ndicho kitu amebaki nacho. Ukifungua mdomo, umekichoma. Unasikia?"

Nilisema nasikia.

Jumamosi ikawa siku ya maombi. Wazazi walijaa ukumbini na kadi na vyakula. Kwa Nafula alikuja baba yake mdogo, amevaa kofia hadi kwenye nyusi.

"Mama yako ana malaria kidogo," akamwambia. "Amekutumia kuku na chapati."

Nafula akaonja. "Aii, baba mdogo! Mama siku hizi anapika kama hoteli? Chapati zake si huwa nene kama mto wa kulalia!"

Tulicheka sote, na baba mdogo akacheka kwa sauti kuliko mtu yeyote. Mama yangu alikuwa kando yangu. Akanikanyaga mguu. Nikajua kuku yule alitoka matangani.

Kisha mchungaji akaomba wanaume wavue kofia tuombe. Baba mdogo alijifanya hasikii, mpaka mzee aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. Akavua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote. Kwetu jamaa wa marehemu hunyolewa hivyo siku chache baada ya mazishi.

"Ati umenyoa?" Nafula akamuuliza polepole.

"Ni joto, mwanangu."

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Nikaitwa kusoma. Kwa Zuhura watu walicheka, kwa Chebet wakapiga meza. Nilipofika kwa Nafula nilisoma yote, kiti, kivuli na soda, kwa sababu sikujua la kuruka. Wakapiga makofi. Akina mama wawili wa Bumula waliinamisha vichwa. Nafula hakupiga makofi. Alikuwa anawatazama wale akina mama.

Baadaye alinivuta sweta hadi nyuma ya tangi la maji. "Hawa watu wazima sitawauliza. Wewe huenda nyumbani kila jioni, na mama yako ni wa kwetu. Kwetu kuko sawa?"

"Kuko sawa."

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

Akapumua. "Basi nitasoma. Wewe hujawahi kunidanganya."

Tangu hapo sijaweza kula. Nikimwambia, huenda asiandike hata jina lake kwenye karatasi, na wa kumlipia karo arudie darasa hayuko. Nisipomwambia, mwezi ujao atabeba sanduku lake hadi Bumula akimwita mama tangu barabarani, na jibu atalikuta kaburini nyuma ya nyumba. Hapo atakumbuka ni nani aliyemwapia. Mama anasema atanisamehe akishapata matokeo. Pengine ni kweli, nami naomba iwe kweli, lakini mama hajakaa naye dawati moja miaka minne.

Gazeti lenu hufika Kitale Jumamosi, kwa hiyo nitakuwa nimebakiwa na Jumapili moja tu kabla ya mtihani. Nawaomba mnijibu katika toleo hilo, hasa ninyi mliowahi kufichwa msiba. Kama wewe ndiye Nafula, ungetaka nikuambie Jumapili hiyo, au ungetaka niendelee kukuapia kwamba kwenu kuko sawa?