Picha Aliyoiachia Kibwana

Nakumbuka vizuri, mwanangu Rehema, siku niliyolazwa kwenye meza ya eksirei kwa mara ya kwanza. Meza ilikuwa ya baridi. Wewe unakwenda kuanza kazi ya meza hizo, cheti umeshapata, na mimi darasa la nne sikulimaliza. Lakini kuna jambo la kazi yako nililisoma kwa mwili, nisikilize kidogo.

Nilikuwa mwali tu, sina hata mwaka tangu niolewe Kwaluguru. Nilianguka kutoka juu ya trela la mahindi nikapigiza nyonga. Nikabebwa hadi hospitali. Jina la hospitali siliandiki, kwa maana majengo hayajanikosea. Watu walionikosea nawataja. Mpiga eksirei aliitwa Kibwana.

Kiunoni nilikuwa na shanga, kama mwanamke yeyote aliyefundwa, nyuzi nyingi zilizolegea mpaka nyongani. Kibwana hakuniuliza kitu. Alinipanga nikiwa nimejifunga khanga yangu, akatazama ukutani, akapiga. Mimi ningejuaje kwamba shanga zinahusiana na mfupa? Akaingia chumba cha giza, na alipotoka na filamu mlango ukabaki wazi. Nikawasikia, yeye na mwenzake.

"Hebu ona, huyu dada kavaa duka zima!"

"Mwambie avue, tupige tena."

"Nimwambie mimi? Mke wa mtu? Weka kwenye bahasha hiyo, daktari atajionea mwenyewe."

Wakacheka. Nililia pale mezani, na si kwa maumivu.

Daktari Elibariki akaiinua filamu dirishani, akaitazama kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Akasema hakuna kilichovunjika, ni misuli, nitembeetembee. Huyo ni wa pili. Wa tatu ni mama mkwe wangu, ambaye tulipofika nyumbani alinionyesha jembe. "Daktari kasema huna kitu. Au unajua kuliko daktari?" Nikalima, nikienda kwa kuegemea mpini, mpaka asubuhi moja mguu ukakataa kabisa, nikaanguka bombani na ndoo yangu.

Kaka yangu ndiye aliyenipeleka Korogwe. Huko nilimkuta mama mmoja wa eksirei, jina lake Stella, Msambaa mnene mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba binti yangu, pole sana." Akamtoa nje mwanafunzi wa kiume aliyekuwa naye, akafunga mlango. Akauliza siku zangu niliziona lini, asije akampiga mtoto mionzi tumboni. Kisha akaniinamia sikioni: "Kiunoni umevaa vitu vyetu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitakushikia shuka, uvivue. Hapa hakuna wa kukucheka."

Ni maneno machache tu, Rehema. Kibwana naye alikuwa na mdomo, na palikuwa na wauguzi wanawake mlango wa pili, angeweza kumwita mmoja.

Mama Stella alipomaliza akaitoa picha yangu ya zamani kwenye bahasha tuliyokuja nayo, akaiweka kwenye taa. Sikumsikia akiuliza nani aliyeipiga. Aliuliza, "Nani aliiachia hii itoke?" Nikamtaja. Mpaka leo namtaja.

Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imepasuka siku ile ya trela. Zile shanga ziliufunika ufa pichani. Daktari wa Korogwe alisema ningelazwa mapema, mfupa ungeunga mahali pake. Kwa kutembea na kulima umeshateleza. Ndiyo maana mguu huu ni mfupi, ndiyo maana babako alioa mwingine anayeweza kuinama shambani. Silii. Nakueleza ilivyokuwa.

Usidhani Kibwana alifukuzwa. Alipandishwa, akawa mkuu wa chumba. Nilimwona miaka ya baadaye nilipompeleka jirani: amekaa na funguo mfukoni, mashine mpya ya kompyuta imefika, na kila akiulizwa anasema, "Mwite yule kijana." Mama Stella alirudi chuoni akiwa na watoto watatu, akasomea diploma, akajifunza utrasaundi, baadaye ile mashine kubwa inayokata picha vipandevipande. Alikuwa anaulizauliza hata walio chini yake kazini. Wote wawili walipanda, mwanangu, ila mmoja alipanda kwa kukaa tu.

Sasa nasaha yangu ni hii. Picha ikiwa mbaya isitoke mkononi mwako, hata foleni ifike barabarani, hata daktari agombe. Ila usiizoee hiyo ya kurudia, kwa sababu kila kurudia ni mionzi kwa mtu. Uliza kwanza, vua kwanza, panga vizuri, ndipo upige. Ukiona haya kumwuliza mwanamume jambo, mtafute mwanamume akuulizie. Usichekee mwili wa mtu, wala usiupige picha kwa simu ukaituma kwenye magrupu yenu, nasikia mnafanya. Kile kidude cha kupimia mionzi kivae kila siku. Na mtu akikuambia unajua vya kutosha, mwogope, nenda kasome.

Mwenyezi Mungu akulinde na mionzi hiyo utakayoishi nayo, akupe wagonjwa wanaokuamini na wakubwa wanaokukosoa mapema. Akupandishe cheo siku utakapokuwa umeshakistahili, na kabla ya hapo, mwanangu, akucheleweshe. Amina.