Mama Mkwe Juu ya Kitanda cha Mtihani

Wakuu, mimi nimeshawahi kumlaza mama mkwe wangu kitandani mbele ya Mzungu mwenye kalamu, nikampaka mafuta, na mwisho wa siku nikapewa cheti.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho.

Naitwa Gervas, mzaliwa wa Bukoba, ila ujana wangu uliishia Arusha. Kazi yangu ni masaji. Na nikisema masaji, simaanishi hiyo mnayoiwaza nyie wenye akili chafu. Nilikuwa nawakanda watalii waliotoka kupanda mlima. Mtu analetwa hotelini anatembea kama kuku aliyefungwa miguu, kesho yake anashuka ngazi anapiga mluzi. Pale hotelini waliniita Daktari wa Miguu, na mimi niliitika bila aibu.

Mapenzi ndiyo yaliyonileta Stockholm. Nilimuoa Natacha, Mkongo mwenye asili ya Uvira aliyekulia huku, tukapanga Hallonbergen. Nikajua nikishatua tu, Waswidi watapanga foleni.

Wapi!

Kliniki ya kwanza wakaniuliza, "Una cheti cha hapa?" Sina. Ya pili, cheti. Ya tatu, yule dada hakuuliza hata jina langu, alianza na cheti moja kwa moja. Nikatoa barua ya hoteli yenye muhuri. Wakausifia muhuri, wakanirudishia barua yangu.

Nikaishia kusafisha mabasi. Daktari wa Miguu mzima nainama chini ya viti kuokota maganda ya ndizi.

Natacha naye alikuwa anapiga zamu mbili kwenye nyumba ya wazee. Anarudi amechoka mpaka anasinzia na kijiko mkononi. Niseme ukweli, iliniuma sana. Kila nikimtazama najiuliza hii mikono yangu ina faida gani.

Basi nikarudi darasani. Nikakariri majina ya misuli kwa Kiswidi mpaka nikawa nayaota. Mtihani wa kuandika nikaupita. Ukabaki wa vitendo, na huo ndio ulioshika maisha yangu, maana kliniki moja pale Sundbyberg ilishaniambia: leta cheti Jumatatu, kazi ni yako. Usipokileta, tunamchukua mwingine.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Sharti lake, kila mtahiniwa aje na mtu wake wa kukandwa. Huna mtu, huna mtihani, subiri mpaka vuli.

Mimi mtu nilikuwa naye. Akili, rafiki yangu, dereva wa basi. Mgongo wake niliutengeneza mimi, na jamaa alishatoa ushuhuda kanisani kwetu Vårby gård, akavua koti na kuinama mbele ya waumini wote kuonyesha anavyogusa vidole vya miguu. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama mkwe wangu alikuwa kiti cha mbele siku hiyo, anasikiliza kimya.

Na hapa lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe.

Mama Perpétue ni kiongozi wa kwaya, mpishi wa shule, mwanamke ambaye akiingia chumbani hata televisheni inapunguzwa sauti. Kwa ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, hamtazamani usoni. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu.

Mimi sikuambiwa. Siku ya kwanza nilipofika kwake Hjulsta nikatabasamu, nikanyoosha mkono. Mama aliruka, akajifungia jikoni, na hakutoka mpaka nilipoondoka. Chakula kilipitishwa kwenye uwazi wa mlango.

Natacha akanifundisha: unampungia mkono kwa mbali, naye anakupungia. Hapo heshima imekamilika. Basi kila Jumapili nikawa napunga kama naongoza ndege uwanjani. Mama ananitikisia kichwa tu. Hajawahi kuinua mkono hata siku moja.

Nikajisemea, huyu mama hanitaki. Kamtoa binti yake kwa msafisha mabasi, roho inamuuma. Sikumwambia mtu, lakini lilinikaa moyoni.

Ijumaa ikafika. Niko nje ya jengo la mtihani na taulo zangu, simu ikaita. Akili.

"Kaka, nimeamka na homa. Siwezi kuja."

"Homa? Jana si tulikula wote?"

"Ndo hivyo kaka. Homa haipigi hodi." Akakata.

Nilisikia kama kuna mtu anacheka nyuma yake, ila akili yangu haikuwa huko. Presha ilishapanda. Nikampigia Natacha, nikijua yuko kazini, nikiwa nusu nalia.

"Lugn, Gervas. Tulia. Nitakutafutia mutu."

Baada ya muda ukaingia ujumbe: "Nimepata mutu. Iko njiani."

Nikamshukuru Mungu, nikaingia ndani. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa Kiswidi, Ulla, nywele fupi, miwani, uso ambao hauwezi kujua kama amefurahi au amefiwa. Nikatandika kitanda, nikapasha mafuta.

Mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia ni Mama Perpétue. Gauni la kitenge la Jumapili, mkoba mkononi, kidevu juu.

Wakuu, nilirudi kinyumenyume mpaka nikagonga kabati la taulo. Macho nikayashusha chini. Jasho likaanza kunitoka sehemu ambazo hata kwenye kitabu cha misuli hazimo.

Mama akaugeukia ukuta. Akauambia ukuta, si mimi:

"Leo miye si mama ya mutu. Leo miye niko mugonjwa. Hii ni mutihani ya serikali, na serikali haina mukwe."

Ulla akatutazama. "Mnafahamiana?"

"Hapana," tukajibu kwa pamoja.

Sehemu ya kwanza ni kumhoji mteja. Nikasafisha koo, nikaangalia dari, nikamwambia Ulla, "Naomba umuulize anaumwa wapi."

Mama naye kwa Kiswidi chake kilichonyooka: "Mwambie huyo kijana ni bega la kulia."

Ulla, masikini, akanigeukia. "Anasema bega la kulia."

"Muulize limeanza lini."

"Anauliza limeanza..." Ulla akasimama katikati ya sentensi. Akaweka kalamu chini. "Gervas. Mteja wako yuko hapo mbele yako. Wote mnaongea Kiswidi. Kwa nini mimi nimekuwa mkalimani?"

Nikaanza kukunja upya taulo.

"Mawasiliano na mteja yana alama zake," akasema. "Mpaka sasa una sifuri."

Sifuri! Nikaona maganda ya ndizi. Nikamwona Natacha na kijiko chake. Halafu nikafikiria nikimtazama mama mkwe usoni, ukoo mzima wa Uvira utaniita kikao mpaka mtandaoni. Ngoma ikawa nzito.

Aliyeniokoa ni mama mwenyewe. Alilala kitandani na gauni lake, akachukua khanga kutoka kwenye mkoba, akajifunika kichwa chote.

"Sasa uliza," sauti ikatoka humo ndani. "Hapa hakuna mama mukwe."

Ulla akaninong'oneza, "Anafanya nini?"

"Anapumzisha macho," nikasema.

Nikaiinamia ile khanga. Nikaongea nayo kwa Kiswahili, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nioe. "Mama, limeanza lini?"

"Mbele arusi yenu ifike. Ni masufuria ya shule. Sikusema kwa mutu. Ningesema, bangenitoa ku kazi."

"Mkono unaweza kuuinua?"

Akasema polepole, "Apana. Mutu ananipungia kila siku ya Mungu, na miye ata kumurudishia siwezi. Na ya kushoto, iyo si heshima."

Jamani.

Niliganda na chupa ya mafuta mkononi. Muda wote ule mimi nanuna kwamba hanitaki, kumbe mwenzangu mkono haupandi. Nilijisikia mjinga, na papo hapo nikajisikia mtu mwenye bahati kuliko wote mjini. Nikamtafsiria Ulla yale ya bega, haya mengine nikabaki nayo.

Mama akashusha gauni begani, nikafunika kila kitu kwa taulo, likabaki bega peke yake. Mikono iliyokanda mapaja ya dunia nzima ikabaki inaelea juu ya bega moja. Nikasali kimoyomoyo: Mungu, na nyie mababu wa Uvira, hii ni serikali.

Nikagusa.

Na mikono ikakumbuka kazi yake. Bega lilikuwa limekaza kama tairi. Nikalizunguka taratibu, sikulilazimisha, nikatafuta pale penyewe. Nilipopagusa, mama akatoa "Eh Yezu!" moja iliyomfanya Ulla ainuke kwenye kiti.

"Anasali," nikamtoa hofu.

Baadaye akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Ubeti wa pili haukuisha. Khanga ikaanza kupanda na kushuka. Mama mkwe alikuwa anakoroma.

Nilipomaliza nikamwambia ainue mkono kadiri anavyoweza. Ulipanda mpaka usawa wa sikio. Sisemi alipona, bega la namna ile linataka muda. Ila alikaa pale anautazama mkono wake kama umetoka safari.

Ulla akaandika, akaandika. Halafu akasema, "Mikono yako ni mizuri sana. Kwenye mawasiliano nimekupa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa. Umefaulu."

Mama alishachukua mkoba wake na kufika mlangoni. Akageuka. Hakunitazama usoni. Aliinua mkono wa kulia, amekunja sura kwa maumivu, akanipungia.

Nilimpungia kwa mikono miwili huku machozi yananitoka kama mtoto.

"Kumbe mnafahamiana?" Ulla akauliza.

"Sasa ndiyo," nikasema.

Jumatatu nikapeleka cheti, kazi nikaipata. Natacha akaacha zamu ya pili. Lakini hiyo siyo sehemu iliyoniacha mdomo wazi.

Jumapili ile niliingia kanisani nikamkuta Akili anaruka na kwaya, mzima kama ng'ombe. Nikamvuta pembeni kwa kola.

"We si ulikuwa na homa?"

Jamaa akaanza kucheka. "Kaka, nisamehe. Mama Perpétue alinipigia Alhamisi. Akasema, 'Kesho uko mugonjwa.' Nikamwambia, mama, miye niko muzima kabisa. Akasema, 'Miye nimesema uko mugonjwa.' Ningefanya nini?"

"Na Natacha?"

"Natacha ndiye alikuwa anacheka pale nilipokupigia. Alinipitia nyumbani kuhakikisha nasema vizuri."

Kumbe tangu ule ushuhuda kanisani, mama alikuwa anaitafuta mikono yangu. Ila angeniombaje? Mama mkwe hawezi kumwambia mkwe njoo unishike bega. Akasubiri mpaka alipopata kitu kikubwa kuliko mila, akaisingizia serikali.

Somo langu ni hili, wakuu. Kuna watu wanaumwa jirani yako na dawa yao unayo wewe, lakini hawana namna ya kuipokea bila kuvunjiwa heshima. Ukiwaita hawaji. Ukiwalazimisha wanajifungia jikoni. Watafutie kisingizio kizuri, uone kama hawatakuja wenyewe.

Wiki mbili baada ya cheti, Natacha alikuja anajizuia kucheka. "Mama anauliza mutihani ingine iko lini."

Basi sasa kila Jumamosi tunakwenda Hjulsta. Natacha anavaa miwani, anakaa kwenye kiti na kalamu, amekaza uso kama Ulla. Mama anajifunika khanga. Halafu sauti inauliza, "Serikali imefika?"

"Imefika," Natacha anajibu, na mimi naanza.

Jumamosi iliyopita nilifeli. Mama alisema mafuta yalikuwa ya baridi.